Tundu Chini ya Mzizi

Gundi ya kioo ikishakauka, imekauka. Haiongezi kitu, haipunguzi kitu. Hewa iliyonaswa ndani siku ya kumiminwa ndiyo itakayokaa humo mpaka meza yenyewe ife. Dada Randa alilijua hilo kama alivyojua jina la baba yake, na ndiyo maana asubuhi ile, alipoona kiputo kimoja cha hewa, kidogo kama punje ya mtama, kimekaa katikati ya gundi ambayo jana yake ilikuwa imetakata kabisa, alikitazama kwa muda mrefu kuliko kiputo kinavyostahili kutazamwa.

"We Gundi, hiki kilikuwepo jana?"

"Kipi?" Mdogo wake alikuja akifuta mikono kwenye aproni, akainama, akakunja uso. "Hakikuwepo. Nilipitisha moto juu yote, dada. Nisingeacha kiputo kwenye meza yangu mwenyewe."

"Basi kimeingia kwa miguu."

Wakacheka, wakaendelea na kazi.

Mtaani waliitwa kwa kazi zao. Mkubwa ni Randa, kwa sababu hakuna ubao uliopita mikononi mwake ukabaki na kiburi. Mdogo ni Gundi, kwa sababu yeye ndiye aliyechanganya na kumimina ile gundi ya kioo ambayo wauzaji huiita epoksi, na pia kwa sababu tangu utoto alikuwa haachani na dada yake; ukimtuma Randa dukani, wanarudi wawili. Karakana waliachiwa na baba yao, nyuma ya nyumba, bati juu na saruji chini, na ndani yake walifanya kazi ambayo majirani waliiona ya ajabu: kuokota mizizi. Mti ukikatwa, wenye msumeno huchukua gogo na kuacha kisiki. Barabara ikipanuliwa, kisiki hung'olewa na kutupwa. Akina dada hawa walikwenda kukichukua kilichotupwa, wakakiosha, wakakikausha miezi mingi, wakakipasua, na mashimo na nyufa wakazijaza gundi ya kioo, mpaka kitu kilichokuwa kuni mbaya kikawa meza ambayo watu waliizunguka mara mbili kabla ya kuuliza bei.

Mzizi wa meza hii ulikuja na mchumba wa Gundi. Kijana huyo alikuwa dereva wa katapila, na wanaume wengine wakileta pete, yeye alileta kisiki. Alikishusha mlangoni kwa minyororo, akafuta jasho, akasema, "Hiki kimenigomea siku mbili. Kilikuwa kimekumbatia kisima cha zamani, kile kilichofukiwa. Nikamkumbuka mchumba wangu." Randa alicheka mpaka akakaa chini. Gundi hakucheka. Aliuzunguka ule mzizi akiupapasa, na machozi yakamlengalenga kwa furaha, kwa sababu mbao ile ilikuwa nyekundu iliyoiva, na katikati yake kulikuwa na uwazi mkubwa kama chungu, laini ndani kama ulilambwa. Akasema palepale kwamba hii haiuzwi. Hii ni meza ya nyumba yake mpya.

Sasa lazima niseme habari ya tundu, maana hapo ndipo walipokosea.

Baba yao alianza kazi hii kabla gundi ya kioo haijajulikana. Yeye alijaza nyufa kwa sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, akiuchemsha mpaka ukawa mzito kama asali. Na kila mzizi alioufanya aliuachia tundu moja upande wa chini, upana wa kijiti cha kiberiti, linalofika mpaka kwenye uwazi wa ndani. Ukimuuliza kwa nini, alisema, "Mzizi upumue." Binti zake walielewa anazungumzia unyevu, maana mbao yenye unyevu ikizibwa hupasuka, na hawakuuliza zaidi. Lakini sandarusi haivuji kama gundi ya kioo, ambayo siku ya kumiminwa ni nyepesi kama maji. Kwa hiyo Gundi alikuwa akiziba tundu kwa nta, anamimina, na gundi ikishika anaitoa nta na kupitisha msumari mrefu mpaka ndani. Kazi ya dakika tano, ila tundu huacha mstari mweupe kwenye kioo, mwembamba kama unywele.

Kwenye meza yake mwenyewe hakuutaka mstari huo. Alichonga kijiti cha mbao ileile, akakigongomea kwenye tundu, akakisugua msasa, kisha akapaka gundi chini yote, mara mbili. "Nataka iwe kama maji, dada," alisema. Randa aliona, akakunja uso, akanyamaza. Nani amgombeze bi harusi?

Siku ya pili viputo vilikuwa vitano. Siku hiyohiyo Gundi, ambaye hakuweza kupiga msasa bila kuimba, alikatika katikati ya wimbo, akasimama na mkono kifuani.

"Nini?"

"Pumzi tu. Imeishia njiani."

Walilaumu moshi wa gundi, na ni lawama ya busara, maana moshi ule si rafiki wa mapafu. Walikwenda hospitali. Daktari alisikiliza kifua mbele na nyuma, akapiga picha, akasema mapafu ni mazima, akamwandikia apumzike na asikanyage karakana kwa wiki mbili. Gundi akalazwa chumbani kwake, ng'ambo ya ua, dirisha wazi, upepo mzuri. Hajakaribia gundi wala mbao. Na bado kila siku alizidi kuishiwa. Kwanza aliacha kuimba. Kisha akaacha sentensi ndefu. Mchumba wake alipokuja kumwona na kumtania kwamba hatimaye amepata mke asiyesema sana, Gundi alitabasamu tu, akamshika kidole kimoja, kwa sababu kucheka kulikuwa na gharama.

Karakana nayo ilianza kunuka. Si harufu ya gundi wala ya vumbi la mbao. Ilikuwa harufu ya maji yaliyofungiwa siku nyingi, ya matope ambayo jua halijayaona. Randa alifagia, akamwaga dawa ya sakafu, akafungua milango yote miwili. Harufu haikusogea, na ilikuwa kali zaidi saa sita mchana, jua likiwa utosini na bati likilia kwa joto.

Saa sita ya siku ya tisa alisimama kando ya meza, akahesabu viputo. Thelathini na nne. Ng'ambo ya ua alimsikia mdogo wake akikohoa, na macho yake yakiwa palepale kwenye gundi, gundi ngumu ambayo hata patasi ingeteleza juu yake, aliona kiputo cha thelathini na tano kikitoka kwenye ule uwazi wa katikati, kikapanda polepole, kikasimama.

Randa alikuwa mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata, akapaza sauti kupitia dirishani.

"Gundi! Hebu nihesabie mpaka kumi!"

"Ya nini?"

"We hesabu tu, mdogo wangu."

Na Gundi akaanza kuhesabu kwa sauti yake iliyochoka, moja, mbili, tatu, na kwenye tatu akakatika kuvuta hewa na kiputo kikapanda, nne, tano, akakatika tena na kingine kikapanda, na Randa, ambaye sasa alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili bila kujua ameushika, akainamisha kichwa na kuweka sikio juu ya kile kioo kilichokuwa baridi ilhali karakana nzima inaungua, na kutoka ndani, chini kabisa, akasikia mtu akivuta pumzi kwa uroho, kama mwenye kiu anavyovuta maji, na kila alipovuta, sauti ya mdogo wake kule dirishani ilipungua kidogo, sita, saba, mpaka nane haikusikika.

Alitoka mbio. Hakufunga hata mlango.

Shangazi yao, dada wa baba, alikaa mitaa miwili kutoka hapo. Ndiye aliyekuwa akimchemshia kaka yake sandarusi enzi za ujana wao, na vidole vyake vilikuwa bado na alama za moto. Alikuja na kanga begani, hakupokea kiti, hakupokea maji. Hata "shikamoo" aliiitikia nusu. Aliingia karakana, akasimama, akanusa. Kisha akapiga magoti, mzee wa miaka themanini, akapapasa chini ya meza.

"Tundu liko wapi?"

Randa akafuta mikono kwenye aproni.

"Nauliza, tundu la baba yenu liko wapi?"

"Tuliliziba, shangazi. Yeye aliliziba. Mimi nilimwona."

"Mlimwona baba yenu mjinga, sio? Miaka arobaini anatoboa matundu kwa kupenda?" Akainuka kwa taabu, na sasa alikuwa akinong'ona. "Mwanangu, mzizi ulioshika kisima hauna upweke. Una mwenyewe. Ukimwachia tundu, anaondoka zake mbao ikikauka, hana ugomvi na mtu. Ukimfungia, anapumulia pua ya aliyemfungia. Hivi ninavyoongea mle ndani kuna yeye, na kuna pumzi za mdogo wako."

"Tufanyeje? Nichukue shoka?"

"Uipasue, ummwage mdogo wako pamoja naye? Thubutu!" Shangazi alikwenda ukutani, akashusha keekee ya mkono ya marehemu, ile ya kuzungusha kwa mpini. "Litatobolewa palepale lilipozibwa. Na atoboe yeye aliyeziba, kwa mkono wake, ili kila pumzi imjue mwenyewe. Akitoboa mwingine, atatangulia kutoka mwenye nguvu, na ataingia mlango wowote atakaoukuta wazi. Umenisikia? Nakwenda kuchukua sandarusi ya kufukiza. Mlete hapa, umkalishe, mnisubiri."

"Hata kuinua kijiko hawezi, shangazi."

"Tutamshikia mwili. Mkono uwe wake."

Randa alimbeba mdogo wake mgongoni kuvuka ua, kama zamani alipokuwa akimbeba kutoka shule. Alimlaza kwenye magunia kando ya meza. Kisha kwa kamba na roda ya kunyanyulia mizigo akaigeuza ile meza ubavu, upande wa chini ukamtazama. Ile alama ya kijiti ilionekana vizuri, duara dogo jeusi kidogo kuliko mbao.

"Dada," alisema Gundi. "Shangazi... amechelewa?"

"Anakuja. Tulia."

"Mwambie yule..." Alimaanisha mchumba wake. Hakumalizia. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na macho yakapanda juu, weupe ukabaki. Randa akamtikisa. Akamwita. Akamwekea kiganja puani, hakuhisi kitu. Mezani, viputo vilikuwa vikipanda mfululizo, vinafuatana, vinasukumana.

Nimesikia watu wakisema angesubiri. Ni rahisi kusema ukiwa umeshiba. Randa aliweka mpini wa keekee katika mkono wa mdogo wake, akaukunja ule mkono kwa wake, akajaribu kuzungusha. Mkono ukateleza ukaanguka kwenye gunia. Akaurudisha, ukaanguka tena. Shangazi haonekani mlangoni, ua ni mtupu, jua limesimama juu ya kila kitu, na mtoto aliyemlea tangu mama yao afariki amelala mdomo wazi bila pumzi. Randa akaishika keekee peke yake.

Alizungusha taratibu, maana mkono wake ulizoea hivyo, na vumbi jekundu likamwagika vidoleni, na kadiri ncha ilivyozama ndivyo ile harufu ya kisima ilivyopanda, mpaka machozi yakamtoka, na alipohisi ncha imepenya kwenye uwazi akaivuta nyuma, na hapo ikatoka pumzi moja, ndefu, ndefu kuliko kifua chochote cha mtu kinavyoweza kubeba, ikapita juu ya sakafu ikilisukuma vumbi la mbao mbele yake, na vumbi lile likaenda kama mtu anayejua njia, likapita miguu ya Randa, likapita kopo la gundi, likafika kwenye magunia, likapanda shavuni kwa mdogo wake na kuingia katika ule mdomo uliokuwa wazi.

Gundi akavuta hewa kwa kishindo. Akafumbua macho. Akamtazama dada yake, na rangi ikamrudi usoni palepale.

"Dada," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa akamalizia sentensi nzima, "mbona unalia, na mimi nimepona?"

Randa alimkumbatia mpaka mifupa ikalia. Furaha ilimjaa asione kitu kingine. Alipogeuka mwishowe kuitazama meza, viputo vilikuwa bado vimo, vyote. Aliona. Akachukua gunia akaifunika.

Shangazi aliingia akihema, kipande cha sandarusi mkononi. Aliwatazama wawili wale, akaitazama keekee sakafuni.

"Imekuwaje tena? Alitoboa mwenyewe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Mimi nilimshikia mwili tu."

Gundi alikuwa akiitazama mikono yake, akiifumba na kuifumbua. Shangazi akashusha pumzi, akaketi juu ya gogo, akasema basi Mungu ni mkubwa. Kama mtoto ametoboa mwenyewe, pumzi zake zimemrudia, na kilichobaki humo si cha watu. Kichomwe leo hii kabla jua halijazama. "Na likiita, msiitike. Hata likiita kwa sauti ya mama yenu. Mwenye kuitika amemkaribisha."

Wakaiburuta meza mpaka uani, wakairundikia mabaki ya mbao, shangazi akatupa sandarusi juu, wakawasha. Gundi ya kioo haichomeki vizuri. Inalia, inachuruzika, inatoa moshi mweusi. Gunia likaungua likaanguka, na viputo vikaonekana vikivimba kwa joto. Kikapasuka cha kwanza.

"Da," kikasema.

Kikapasuka cha pili. "Da." Kisha kimya kidogo, moto ukinguruma, kisha vitatu pamoja, kwa sauti nyembamba iliyochoka, sauti ya mtu anayeiba hewa kati ya neno na neno: "Ni. Mimi. Huku."

Randa alipiga hatua. Vidole vya shangazi vikamnasa kifundo cha mkono, vigumu kama jiliwa la kubania mbao. "Usiitike," akanong'ona mzee. "Ndivyo wanavyofanya. Huyu hapa mdogo wako, mtazame."

Randa akamtazama. Mdogo wake alikuwa amesimama upande wa pili, amenyoosha viganja kuelekea motoni kama mtu anayeota, na uso wake umetulia sana.

"Da. Da. Nafungwa. Niitikie," vilisema viputo, kimoja kimoja. Randa alikuwa na neno mdomoni. Alilijua neno lenyewe, ni lilelile alilomwitikia mdogo wake maisha yake yote, na alilibana kwa meno mpaka damu ikatoka ulimini. Vilipasuka thelathini na zaidi. Cha mwisho hakikusema kitu, kilitoa hewa tu.

Baada ya hapo nyumba ilitulia. Gundi alikula, alilala, alirudi karakana, akapiga msasa kutwa bila kuchoka na bila kuimba. Mchumba wake alifurahi akaomba harusi iharakishwe, ikapangwa wiki iliyofuata. Randa naye alijishawishi. Kila asubuhi alijiambia kwamba shangazi anajua haya mambo, na kwamba uongo mdogo uliookoa roho ya mtu hauwezi kuhesabiwa.

Siku ya sita baada ya moto walikuwa wamekaa jikoni, mchana, wanachambua mchele. Gundi aliacha kuchambua.

"Dada, sijakushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa kunitobolea."

Punje zikamtoka Randa vidoleni. "Ulitoboa mwenyewe, mdogo wangu. Mimi nilikushikia."

"Aa," alisema yule mwingine, kwa upole kabisa. "Huyo alikuwa amelala mdomo wazi. Mimi ndiye niliyekuwa ndani, nakuangalia unavyozungusha. Polepole, usije ukaniumiza. Hakuna aliyewahi kunifungulia kwa huruma namna ile." Akarudisha macho kwenye mchele, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Shangazi tusimwambie. Atasikitika bure."

Randa hakupiga kelele. Aliinuka, akatoka uani huku akishikilia ukuta, mpaka pale penye doa jeusi ardhini. Mvua ilikuwa haijanyesha, majivu bado yamo. Alipiga magoti akaingiza mikono yote miwili humo, akayasogeza usoni.

"Abee," alisema. "Abee, mdogo wangu. Abee. Nipo. Abee."

Majivu yalikuwa baridi, na hakuna kilichojibu. Nyuma yake dirisha la jikoni likafunguka.

"Dada, unaongea na nani huko juani? Njoo ndani bwana, mchele bado mwingi."